Ngazi za Nongriat

Tulishuka kijiji cha Nongriat kuona daraja lake la mizizi hai mwezi wa Novemba, mvua za monsuni zilipokwisha kuondoka Meghalaya, jimbo la kaskazini-mashariki mwa India, na mawe yakaanza kukauka. Kwenye ramani ni mwendo mfupi tu. Kwa miguu ni ngazi za saruji zipatazo 3,500 kutoka Tyrna, kijiji ambako barabara inaishia.

Kutoka Guwahati, jiji la jimbo jirani la Assam, hadi Shillong, mji mkuu wa Meghalaya, ni kama kilomita 100. Hapo Shillong, gari za abiria aina ya Sumo hupakia karibu na soko la Iewduh, na haziondoki mpaka zijae. Kilomita hamsini na kitu mbele ni Sohra, ambayo Waingereza waliiita Cherrapunji, yenye rekodi ya dunia ya mvua: milimita 26,461 kati ya Agosti 1860 na Julai 1861. Tuliondoka Shillong Jumamosi alfajiri kwa makusudi. Wakhasi, wenyeji wa milima hii, wengi ni Wakristo. Jumapili maduka hufungwa na magari huadimika. Pesa taslimu tulitoa hukohuko mjini, maana Nongriat hakuna mashine ya benki.

Wengi huogopa kupanda, ila kushuka ndiko kunakoumiza: mwili wote unaangukia magoti. Fimbo ya mwanzi na begi jepesi vilitufaa kuliko viatu vya bei. Kabla ya kijiji kuna madaraja ya waya wa chuma yanayoyumba. Tulivuka mmoja mmoja.

Daraja lenyewe lina ghorofa mbili, nalo ni mizizi hai ya Ficus elastica, mti wa mpira wa jamii ya mikuyu. Mizizi inayoning'inia huelekezwa juu ya mianzi, au ndani ya magogo ya mpopoo yaliyopasuliwa na kukombwa, hadi ivuke mto na kushika udongo wa ng'ambo. Ikishashika, inanenepa, inapokutana, inaungana. Kazi hiyo huchukua miaka 15 hadi 30 kabla watu hawajavuka kwa raha. Daraja la mbao lingeoza upesi katika unyevu ule, ilhali hili huzidi kukaza. Wanakijiji huupitisha mzizi mchanga, mwembamba kama kidole, katikati ya ile minene. Mianya hujazwa mawe bapa ya kukanyagia.

India nzima hufuata majira yaleyale ya saa, basi huku mashariki jua la Novemba huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Waliopanga kwenda na kurudi siku hiyohiyo tuliwaona wakikimbizana na giza kwenye ngazi zenye ukungu wa kijani. Sisi tulilala kijijini, tukala wali na dengu, kisha tukaletewa uraibu: popoo, tambuu na chokaa. Popoo ya Wakhasi huliwa mbichi, na ni kali. Mswahili aliyezoea ile kavu aanze na kipande kidogo, ameketi, kwani jasho na kizunguzungu huja mara moja.