Jamani, nimepata kibali!

Simu imelia nikiwa naosha vyombo. Barua pepe: matokeo ya droo ya vibali vya uwindaji.

Nimeifungua kwa kidole chenye povu.

Miaka 3 mfululizo hapa Colorado, Marekani, nimekuwa naomba kibali cha elki dume (elki ni aina ya kulungu mkubwa), eneo lilelile ambalo kila mtu analitaka. Hapa pointi ndiyo foleni: mwenye nyingi anatangulia, ukikosa chaguo la kwanza kwenye fomu unaongezewa moja. Mimi nina 3, wenzangu wanazo za miaka kumi na zaidi. Sasa nilikuwa nashindana na nani? (Kichwa kigumu, najua.)

Safari hii mzee mmoja kazini akaniambia, "Kijana, chaguo la kwanza omba pointi tu. La pili weka elki jike, mahali pasipogombaniwa. La pili halili pointi."

Nikakaa jioni mbili nzima na takwimu za mgao wa mwaka jana, natafuta maeneo ambayo vibali vilifika mpaka chaguo la pili. Nikatuma kabla dirisha la maombi la Aprili halijafungwa.

Leo, mstari wa kwanza: pointi imeongezwa.

Mstari wa pili: umepata.

Nimeusoma mara tatu. Povu limekaukia kwenye kioo, limeacha duara jeupe juu ya neno hilo. Bado sijalifuta.

Nani mwingine kapata? Na wazoefu, vesti ya rangi ya chungwa ninayo, buti je? Theluji ikianguka mapema nivae zipi?