Mjomba, juya na mashetani wa Kant

Mjomba wangu, mvuvi, hajapata kuvuta juya, ule wavu wa kukokota, maishani mwake. Jambo hilo limenikaa kichwani tangu juzi, tulipokuwa uwanja wa Mkunguni, hapa Amu (Lamu), baada ya isha tukinywa kahawa chungu, nami nikimsimulia habari za Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Königsberg, mji wa bandari kama Amu. (Nafundisha historia sekondari. Mjomba ameshazoea kunivumilia.)

Mwaka 1795 Kant aliandika kwamba hata taifa la mashetani linaweza kuunda dola, mradi wawe na akili. Kila mmoja kwa siri anatafuta pa kuchomokea, lakini sheria zikipangwa vyema watabanana wao kwa wao, na hadharani wataonekana kama watu wema. Sheria haina haja na moyo wako, inaangalia mkono.

Mjomba akacheka. "Basi mimi na shetani ni mamoja, mwanangu."

Ana haki ya kusema hivyo. Juya limepigwa marufuku Kenya tangu 2001, kwa kuwa hukokota chini, likazoa samaki wachanga na kung'oa majani ya bahari. Yeye alikuwa halivuti hata kabla ya hapo, kwa sababu marehemu babu alimwambia wale changu wadogo si wake, ni wa wanawe. Askari hakuhitajika.

Halafu ukaja 2014. Mwezi Juni mji wa Mpeketoni, katika kaunti yetu ya Lamu, na vijiji jirani vilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 60, na baadaye, kwa ajili ya usalama, uvuvi wa usiku ukapigwa marufuku Lamu. Mjomba ni mtu wa jarife, wavu wa kutega, na jarife hutegwa magharibi, likatolewa alfajiri. Akalikunja, akalipandisha darini. Mkewe akaanza kuuza mahamri.

"Ulitii kwa nini?" nikamuuliza.

"Risasi. Kwani kuna jingine?"

Ukitazama kutoka ofisini, marufuku zote mbili zilitiiwa sawasawa: mtu hakutia wavu majini, basi. Sitaki dola ipekue nyoyo. Dola za namna hiyo tunazijua. Lakini ile ya juya mjomba angeishika hata serikali ingehama kesho. Ile ya usiku iliishi kwa kadiri boti ya doria ilivyokuwa karibu.

Kant alikuwa na kipimo chake, alichokiandika 1793: mtunga sheria ajiulize kama wananchi wote wangeweza kuikubali. Nikamuuliza mjomba, ungeikubali?

"Miezi ya mwanzo, naam. Watu walikufa. Lakini miezi ikawa miaka, na hakuna aliyekuja kuniuliza."

Nilitaka kumjibu kwamba Kant hadai uulizwe, yatosha kuwa ungeweza kukubali. Nikaona aibu kulitamka. Isitoshe alikuwa ameshainuka, anamrudishia muuza kahawa kikombe. Nyumbani jarife lilikuwa linamngoja, lina matundu mawili hajayashona.