Laki tisa tu: nilivyosuka kikosi cha mtaa bila hela ya usajili

Wakuu, watu wengi wananiuliza timu yetu ya mtaa huku Mbagala ilibebaje kombe la diwani wakati kila mtu anajua hatuna mdhamini, sa leo nina muda ngoja niandike.

Kwanza hela. Tulikuwa na laki tisa, na hiyo ni baada ya kuzungusha daftari kwa wenye maduka, mafundi, vijana wa bodaboda na wale wazee wa kijiwe cha bao ambao wanachangia buku mbili halafu wanataka wapange kikosi. Timu zingine kwenye yale mashindano zilikuwa zinamlipa mamluki mmoja, yaani mchezaji wa kukodi, laki na nusu kwa mechi. Piga hesabu mwenyewe, mamluki watatu mechi mbili hela yote imekata na hujanunua hata maji ya kunywa. Nikawaambia kamati hatununui jina hata moja. Kelele zilikuwa nyingi, mzee mmoja akasema huyu kijana kashanunuliwa na wapinzani, nikamwambia mzee wangu wangeninunua ningekuja hapa na kandambili?

Hoja yangu ni kwamba huku timu hazifungwi kwenye ndondo, yaani mashindano ya mtaani, kwa kukosa vipaji. Vipaji vimejaa, Samatta mwenyewe katoka huku huku Mbagala, akapita African Lyon ambayo zamani ilikuwa inaitwa Mbagala Market, ndo akaenda Simba, Mazembe, Genk mpaka Aston Villa. Kinachoua timu za mtaani ni kwamba jumatano una kumi na moja hawa, jumapili una wengine kabisa, huyu kakosa nauli, huyu kapata kibarua cha zege, huyu kapewa buku kumi na timu ya Tandika kapotelea huko. Kwa hiyo hela yetu nikaielekeza kwenye kitu kimoja, wale wale waje, kila mazoezi, kila mechi.

Kiingilio laki moja, mipira miwili elfu 70, jezi tukavaa za zamani. Nauli nilitoa kwa watano tu wanaotoka mbali, Chamazi, Kongowe na Charambe, buku mbili mbili, na naitoa mkononi baada ya mazoezi maana ukituma kwa simu mtu anaipokea akiwa kalala kwao. Siku ya mechi mama ntilie wetu anapika wali maharage sahani 16, elfu 32, wanakula pamoja baada ya mechi tushinde tufungwe. Hiyo sahani msiichukulie poa kabisa, kuna wachezaji walikataa hela za timu zingine na nikiwauliza kwanini wananiambia kule ukimaliza kucheza kila mtu anajijua.

Njumu nilifuata mtumba Karume alfajiri kabla wachuuzi hawajachambua zote, jozi saba kama buku 15 hivi kila moja. Ukinunua njumu za mtumba kunja soli pale mbele vidole vinapokunjikia, ikitoa mlio au ukaona mstari mweupe achana nayo, gundi haitashika. Zile nzuri nikampelekea fundi viatu azishone mzunguko mzima. Hazikutosha kila mtu ila, winga wetu na sabu wake wote wanavaa 41 na pea ilikuwa moja, kwa hiyo kila tukifanya mabadiliko wanakaa chini pale kwenye mstari mmoja anavua mwingine anavaa, refa anapuliza filimbi kama kichaa na washabiki wanacheka hadi wanalia 😂

Wachezaji sasa. Sikuwa naenda kuangalia wanaocheza, nilikuwa naangalia mabenchi. Kipa wetu nilimtoa benchi la timu ambayo kipa namba moja ni mpwa wa mwenyekiti, unaelewa. Viwanja vyetu ni mchanga na mpira unadunda unavyojisikia, makipa wengi wanausubiri udunde kwanza ndo wadake, hapo hapo unawageuka unaingia. Huyu anautokea anaukamata bado uko hewani, na dakika zote anabweka, pandeni! rudi! mtu nyuma yako! Nilimsikiliza kipindi kimoja cha mazoezi nikajua huyu ndo mwenyewe. Shida yake anashusha magunia sokoni usiku, asubuhi kalala, basi mazoezi nikayahamishia saa kumi na moja jioni timu nzima. Kumhamisha yeye kazi ingenigharimu hela, kuhamisha muda ni bure.

Beki wa kati ni fundi seremala, thelathini na kitu, kila mtu ananiambia kazeeka. Nilimfuata karakana kwake akaniambia kaka mi nishastaafu, magoti haya hayana kitu. Nikamwambia magoti sitaki nataka kichwa chako. Nikamuweka na dogo mmoja ana mbio balaa lakini hajui asimame wapi, mmoja anaona mwingine anakimbia, mabeki wawili wa bure wakawa beki mmoja wa gharama.

Namba tisa hatukuwa naye na nisingeweza kumpata, mfungaji ndo mtu ghali kuliko wote mtaani. Kwa hiyo tukakubali magoli yetu yatatoka kwenye kona na faulo, robo tatu ya mazoezi ilikuwa mipira ya kutenga mpaka giza linaingia. Wazee wa bao walilalamika sana eti tunacheza mpira mbaya. Mi nikawa nawakumbusha Leicester waliobeba ligi ya England 2016, Vardy katoka Fleetwood kwa milioni moja ya paundi, Mahrez katoka daraja la pili Ufaransa, kocha wao Ranieri habadilishi kikosi hovyo, na kuanzia Machi hadi mwanzo wa Aprili walishinda moja bila mechi nne mfululizo. Moja bila inatosha, hakuna anayegawa ng'ombe wa zawadi kwa chenga.

Na kweli ilikuwa hivyo, robo fainali moja bila, nusu fainali tulikutana na wale wenye mamluki wao. Straika wao hatari alikuwa hayupo mpira unaanza, kumbe alikuwa anamalizia ndondo nyingine Tandika, kaja juu ya bodaboda dakika kama ya ishirini jezi ya timu ingine bado iko mwilini, jasho linamtoka. Seremala akanitazama benchi akatabasamu. Jamaa akaingia kashachoka, mpira haumfikii, tukawafunga kwa kona. Fainali ilienda matuta, yaani penalti, na yule kipa wetu akapangua mawili.

Zawadi ilikuwa ng'ombe na seti ya jezi. Wazee walitaka achinjwe hapo hapo, wachezaji wakataka auzwe, kura zikapigwa, akauzwa kwa mchinjaji wetu na kila mchezaji akapata mgao sawa, hata sabu wa njumu za kupokezana. Tatizo lililopo saa hizi winga wetu kachukuliwa na timu ya daraja la kwanza, kwa hiyo kama uko maeneo haya, unacheza pembeni na unawekwa benchi huko uliko, njoo uwanjani jioni. Nauli ipo, wali upo, hela ya usajili hatuna. Ukiwa unavaa 41 ndo vizuri zaidi.