Alama ya Kuuliza Niliyoifuta

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Waefeso 4:25-27. Mstari wa katikati mnaujua wote, maana hausahauliki kwenye vikao vya kusuluhisha ndoa: mwe na hasira, ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Mimi mstari huu ulinisumbua miaka mingi kwa sababu ya kazi yangu. Kwenye dawati la michezo la gazeti, jua likichwa ndipo hasira zinapoanza. Mpira umeisha, kurasa hazijajaa, mwandishi aliye uwanjani hapokei simu, na gari la kupeleka magazeti mikoani linanguruma uani.

Jumapili ndiyo mbaya zaidi. Simba alipomfunga Yanga 5-0, Mei 6, 2012, ilikuwa Jumapili. Yanga alipolipa kwa 5-1, Novemba 5, 2023, Jumapili tena. Ndiyo maana wengi wenu mnanijua kama yule anayetoka kabla ya baraka.

Mei 28, 2023 ilikuwa Pentekoste. Mchungaji alivaa stola nyekundu, kitambaa cha madhabahuni chekundu, na mzee mmoja wa kanisa akaninong'oneza kwamba leo hata Roho Mtakatifu ni wa Msimbazi, yaani Simba, wenye rangi nyekundu. Nilicheka, nikatoka. Jioni ile Yanga alikuwa anacheza Uwanja wa Benjamin Mkapa, mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, dhidi ya USM Alger ya Algeria. Tulikuwa tumeandaa vichwa vya habari viwili, cha kicheko na cha kilio, kama tunavyofanya siku zote.

Mahious wa USM Alger alifunga mapema, dakika ya 32. Mayele wa Yanga akasawazisha dakika ya 82, chumba cha habari kikapiga kelele hadi watu wa mahesabu wakatoka kuchungulia, na papo hapo king'amuzi kikaganda. Picha ya Mayele ikabaki kwenye runinga, mikono hewani, haisogei. Kilipozinduka, ubao ulisomeka 1-2. Wamefunga, nani kafunga, hakuna aliyejua.

Tulikuwa na kijana wetu uwanjani, mwandishi wa kujitegemea, analipwa kwa habari. Akatuma ujumbe kwa simu: "La pili Mahious?" Nikaunakili, nikaubandika kwenye habari, nikafuta ile alama ya kuuliza, maana gazeti haliulizi. Ukurasa ukaenda kiwandani. Gari likaondoka.

Mahious hakufunga la pili.

Toleo la mjini tuliwahi kulirekebisha. La mikoani lilikuwa tayari barabarani, linakwenda Mbeya na kosa letu. Yule kijana aliporudi, shati limelowa jasho, nilimsimamisha mbele ya watu wote. Sitarudia niliyosema. Nilimwambia, kati ya mengine, kwamba kama hajui mpira akauze maji uwanjani. Hakujibu. Alisema tu, "Samahani, kaka," akatoka kwenda kukaa kwenye ngazi.

Dada anayesanifu kurasa, ambaye katika miaka yote sijamsikia akipaza sauti, hakugeuka hata kunitazama. Alisema huku anavuta picha kwenye skrini: "Kaka, yule mtoto hajala tangu asubuhi."

Nilifika nyumbani saa 8 usiku. Paulo aliposema mwe na hasira alikuwa anachukua maneno ya Zaburi ya 4, na zaburi yenyewe inaendelea kwamba tutafakari vitandani mwetu na kutulia. Kutafakari nilitafakari, kutulia ndiko kulikonishinda. Nikachukua simu nimwandikie yule kijana jambo la kutuliza tu, lile la "tusonge mbele, mdogo wangu", ambalo wakubwa tunalitumia badala ya kuomba radhi. Nikaona ujumbe wake wa jioni. Alama ya kuuliza ilikuwa pale pale.

Alikuwa ameniuliza. Hakuwa na uhakika, na aliniambia kwamba hana uhakika. Aliyegeuza swali kuwa habari ni mimi.

Hapo ndipo nilipoona kwa nini mstari wa 25 unatangulia. Kabla ya kugusa hasira, Paulo anasema tuuvue uongo, kila mtu aseme kweli na jirani yake, kwa maana tu viungo. Mimi nilikuwa nahangaika na jua na saa zake, kumbe shida yangu ilikuwa imeanza mstari mmoja nyuma. Hasira yangu ilikuwa na makelele kiasi kile kwa sababu ilikuwa inaficha kitu, na nadhani nusu yake nilikuwa naijua hata wakati nafoka.

Kisha mstari wa 27: wala msimpe Ibilisi nafasi. Neno nafasi sisi tunaishi nalo. Tangazo likiingia saa 12 jioni, habari inakatwa ili lipate nafasi, na mwandishi akilalamika anaambiwa mshahara unatoka huko. Siku zote nilidhani Ibilisi angetaka ukurasa mzima. Kwangu alitosheka na nafasi ya herufi moja, pale alama ya kuuliza ilipokuwa imekaa.

Jumatatu niliandika masahihisho ya ukurasa wa 2, nikasimama mahali pale pale nilipomfokea, watu wakiwapo, nikasema alama niliifuta mimi. Kijana akasema, "Haina shida, kaka." Lakini shida ilikuwepo. Wiki ile yote jumbe zake zilikuja bila swali hata moja. Kila kitu alikuwa na uhakika nacho, hata ambavyo mtu hawezi kuwa na uhakika navyo, na mimi nikawa napiga simu kuhakiki kimoja kimoja. Nilikuwa nimemfundisha kuficha. Kuomba radhi kulinichukua dakika mbili. Hili lingine sikuwa na namna ya kulilazimisha.

Jumamosi, Juni 3, mchezo wa marudiano ulikuwa Algiers, usiku. Aliletwa kusaidia dawatini, akakaa kiti cha pili kutoka kwangu. Djuma Shabani wa Yanga akafunga kwa penalti mapema, ikawa 1-0, jumla 2-2, na mpira ukawa unaelekea kuisha hivyo. Dada wa kurasa alikuwa anasubiri kichwa cha habari. Nilikuwa nimeshaanza kuandika.

"Kaka," kijana akasema, polepole. "Bao la ugenini si lilifutwa? Au ni Ulaya tu?"

Nikaacha kuandika. Nikamwambia kanuni ile, kwamba jumla ikilingana anashinda aliyefunga mabao mengi zaidi ugenini, Ulaya wameifuta tangu 2021, huku kwetu nadhani bao hilo bado linahesabiwa. "Nadhani?" akauliza. Nikamsogezea kiti, tukafungua kanuni za mashindano, tukatafuta kifungu wote wawili, dada wa kurasa akitungoja.