Siku moja kwenye karakana ya bunduki: Mauser ya zamani, triga na sefti (kizuizi cha usalama)

Saa 1:30 asubuhi

Karatasi kwanza, bisibisi baadaye. Leseni ya mwenye bunduki inasomwa pamoja na namba iliyopigwa kwenye chuma, na zisipolingana bunduki haipandi mezani. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haichezewi, na fundi ndiye wa kwanza kuulizwa. Naandika kwenye daftari: aina, namba, tarehe, tatizo kama mteja alivyolieleza kwa maneno yake.

Hii ni Mauser 98 ya uwindaji, kaliba 9.3×62. Risasi hiyo ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi bunduki wa Berlin, kwa ajili ya walowezi wa Kijerumani barani Afrika. Aliipima iingie kwenye Mauser ya kawaida bila kuhitaji bolti (chuma kinachosukuma risasi chembani na kuifungia) ndefu ya bei kubwa. Ndiyo maana mpaka leo bunduki za namna hii zinaletwa kwenye karakana za Arusha, hasa Juni, kabla msimu haujafunguliwa Julai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Hii bunduki imeanza ukorofi. Jana nimetoa sefti tu, ikalia tap! Bahati chemba ilikuwa tupu. Na ukiifungua, triga nayo ipunguze uzito."

La kwanza tutalifanya. La pili tutaliongea mwisho.

Saa 2:00

Magazini inatolewa risasi, chemba nayo inakaguliwa kwa jicho kisha kwa kidole. Risasi zote zinatoka chumbani, hata zile za mfukoni mwa mteja. Majaribio yote ya leo ni kwa risasi bandia.

Usifungue kitu kabla hujaiona bunduki ikikosea yenyewe. Majaribio ni manne. Moja: kaza pini ya kugonga (kijiti kinachopiga fataki ya risasi), weka sefti, vuta triga kwa nguvu, achia, kisha toa sefti. Pini isidondoke. Mbili: rudia hilo hilo, bawa la sefti likiwa wima badala ya kulala kulia. Tatu: sukuma bolti mbele na uifunge kwa kishindo, mara kumi mfululizo. Nne: sefti ikiwa imetolewa na pini imekazwa, gonga kitako kwenye mpira mnene kutoka kimo cha shubiri moja.

Bunduki hii imefeli la kwanza na la tatu. Hizo ni hitilafu mbili tofauti, japo mteja anaziona kama moja.

Saa 2:45

Triga ya Mauser ina vipande vichache mno. Chini ya risiva (fremu ya chuma ambamo bolti huteleza) kuna kishikizi, wenzo mrefu unaoning'inia kwenye pini moja na kusukumwa juu na springi. Jino la kishikizi linachomoza ndani ya risiva na kuuzuia mkia wa pini ya kugonga usiende mbele. Triga imefungwa kwenye kishikizi hicho hicho, na juu yake ina nundu mbili. Ukivuta, nundu ya kwanza inaegemea risiva na kukishusha kishikizi sehemu kubwa ya safari. Huo ndio mvuto mrefu mlaini. Kisha nundu ya pili inagusa, unasikia ukuta, na hapo imebaki kama nusu milimita tu.

Ukuta huo ndio unaowaudhi watu. Mtu anataka triga isiyo na hatua mbili, basi anachukua tupa na kukata nundu, au anakisaga kishikizi ili jino lishike kidogo tangu mwanzo. Mezani, kwa utulivu, triga inakuwa tamu kweli. Ukifunga bolti kwa haraka, kishikizi hakiwahi kupanda, na mkia unapita juu yake.

Nafungua bolti. Pini imekazwa, bawa la sefti wima, bolti inatoka, nabonyeza kifungo kidogo ubavuni na kuizungusha kofia ya bolti mpaka ifunguke. Ncha ya pini inakaa kwenye kipande cha mbao ngumu, nakandamiza kofia chini, nageuza mkia robo mzunguko, unatoka. Springi hiyo ina nguvu, uso usiwe juu yake.

Ninayoyakuta: nundu ya pili imepigwa tupa, springi ya kishikizi imekatwa mizunguko kadhaa, na bawa la sefti limesagwa upande unaokutana na mkia. Ndani kuna gundi ya kahawia, mafuta ya cherehani yaliyochanganyika na vumbi la miaka.

Saa 4:15

Chai, chapati. Mapumziko mafupi.

Saa 4:30

Sefti ya Mauser ni nzuri kuliko nyingi za kisasa kwa sababu haizuii triga, inazuia pini yenyewe. Bawa likiwa kushoto, bunduki iko tayari. Likiwa wima, pini imezuiwa lakini bolti inafunguka, na hapo ndipo unapotakiwa kuwa unapotoa risasi. Likilala kulia, mhimili wake unaingia kwenye mkato wa bolti na kuifunga kabisa.

Sharti lake ni moja: bawa linapogeuka liuvute mkia nyuma kidogo, mpaka uachane na kishikizi. Robo mpaka theluthi ya milimita inatosha. Unapaswa kuhisi bawa likifanya kazi kidoleni na kuuona mkia ukirudi. Bawa linalogeuka laini kama kitasa cha mlango mpya ni la kutiliwa shaka.

Hapa mtu alilisaga kwa sababu lilikuwa gumu. Sasa sefti ikiwekwa, mkia bado unaegemea kishikizi. Vuta triga: kishikizi kinashuka, mkia unasogea mbele unywele mmoja na kulala kwenye bawa, na sasa uko juu ya kishikizi. Achia triga: kishikizi kinataka kupanda, hakina nafasi. Toa sefti, na kilichokuwa kikiuzuia mkia kimeondoka. "Tap" ya mzee ndiyo hiyo. Risasi ingekuwa chembani, ungesikika mlio.

Saa 5:30

Kuosha kwa mafuta ya taa na mswaki, kukausha kwa upepo wa kompresa.

Kisha tupa laini inapitishwa taratibu pembeni mwa jino, mahali pasipogusana na kitu. Ikiteleza, ngozi ngumu ya chuma bado ipo. Ikiuma, ngozi imekwisha, na kusugua zaidi ni kupoteza muda, kwa sababu chini yake chuma ni laini na kitalika upya. Kwenye kishikizi hiki inauma. Kinakwenda kopo la chakavu pamoja na triga, springi na bawa. Badala yake naweka vipande vizima vya Mauser 98 nyingine.

Wengine wangeshauri triga mpya ya kampuni ya Timney yenye skrubu zake za kurekebisha. Ni triga safi. Lakini ile yenye sefti ya pembeni inazuia triga tu, siyo pini, na inakulazimu kuchonga ubao wa bunduki ya zamani. Kwa bunduki inayopigwa misukosuko kwenye gari siku nzima, naona ya asili, ya kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, inatosha.

Saa 7:00 mchana

Kazi ya jiwe, ndiyo inayokula muda. Jino jipya na uso wa mkia napaka masizi ya koroboi, nakusanya, nakaza pini, nafyatua, nafungua. Masizi yaliyofutika yanaonyesha vinapokutana. Nataka alama ipite upana wote. Ikiwa kona moja tu, jiwe laini linapita mara mbili tatu likiwa kwenye fremu ya kulinyoosha, kamwe siyo kwa mkono mtupu. Kusudi ni kung'arisha. Pembe haiguswi, kwani ikiinama kidogo tu kuelekea upande mbaya, mkia wenyewe unakisukuma kishikizi chini.

Bawa linafuata. Jipya limeachwa na nyama kidogo, haligeuki kabisa. Nasugua, nakusanya, najaribu, nafungua tena. Inachosha, lakini nyama ikishatoka hairudi. Mkia sasa unarudi nyuma milimita 0.3 kwa kipimo chenye uso kama wa saa.

Saa 9:15

Vyuma peke yake kwenye jiliwa: safi. Ndani ya ubao: triga inagoma kurudi. Karakana nyingi hukosea hapa kwa kurudia kusaga triga isiyo na kosa.

Skrubu ya nyuma ya Mauser hupita ndani ya bomba dogo la chuma linalotenganisha risiva na kinga ya triga. Hapa halipo. Kila mkazo wa skrubu umeukandamiza ubao, kinga imepanda, na triga inasugua ukingo wa tundu lake. Vernia inapima ubao ambao haujakandamizwa, mashine ya leth inachonga bomba la urefu huo. Likizidi, risiva inayumba. Likipungua, tumerudi kule kule. Nakaza skrubu ya mbele kwanza, halafu ya nyuma, kwa mkazo wa Nm (nyutoni-mita) 4 hadi 5. Triga inarudi.

Saa 10:30

Majaribio manne ya asubuhi yanarudiwa yote, kisha tena baada ya bunduki kulala nusu saa juani, maana ubao hubadilika kwa joto. Mizani ya kuning'iniza inasoma kilo 1.9.

Mzee anavuta mara mbili. "Bado ina hatua, fundi."

"Itabaki nayo, mzee. Hiyo ya kwanza ndiyo inayohakikisha kishikizi kimeshika vizuri mpaka wewe mwenyewe uamue. Chini ya kilo moja na nusu kwa bunduki ya nyati mimi sifungi."

Ananuna kidogo, halafu anavuta tena.

Saa 11:15 jioni

Uwanjani: kwanza ganda tupu lenye fataki, mtutu ukielekea tuta, kuhakikisha pini inagonga katikati na kwa kina. Kisha risasi moja moja, bila kujaza magazini. Mwishoni tatu mfululizo, bolti ikifungwa kwa haraka ya porini.

Mafuta ni tone moja kwenye pini ya kishikizi na lingine kwenye mhimili wa bawa. Mafuta ya kupulizia mzee asiyatumie kwenye triga, yanabeba vumbi. Vipande vibovu vinarudi kwake kwenye mfuko, springi iliyokatwa ikiwa juu. Daftari linapokea kilo 1.9 na milimita 0.3, ili mwakani tuwe na cha kulinganisha.