Gari lenye magoti: nilivyojifunza kufunga Land Rover juu ya tela

Shafti ya nyuma kulia ilikatikia kwenye mchanga wa korongo, karibu na Engaruka. Nasema ile shafti inayotoka kwenye difu, yaani gia za katikati ya ekseli, kwenda kwenye gurudumu, siyo propela, ile ndefu inayopita chini ya gari kuleta nguvu kwenye difu. Waliowahi kumiliki Land Rover Defender 110 ya zamani wanaujua ugonjwa huo. Nilifunga difloki ya kati, ile inayozilazimisha propela ya mbele na ya nyuma zizunguke pamoja, gari likaenda kwa magurudumu ya mbele peke yake, nikajikongoja nalo hadi Mto wa Mbu. Hapo nikasema basi, sitalitesa zaidi. Nikampigia simu binamu yangu aliyeko Arusha aje na Land Cruiser yake na tela ya ekseli mbili.

Alifika saa nane mchana na kijana wake wa kazi. Kabla ya kulivuta gari kwa winchi niliifungua difloki na kuweka gia huru, ili magurudumu yazunguke kwa wepesi. Likapanda vizuri. Kijana akaingia, akavuta handbreki hadi mwisho, akashuka. Mimi nikalegeza waya wa winchi.

Gari likaanza kurudi nyuma taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume. Lililotuokoa ni jiwe ambalo binamu alikuwa ameliweka nyuma ya tairi bila kuambiwa na mtu.

Handbreki ya Defender hizi za zamani haishiki magurudumu. Ni dramu ndogo iliyoko nyuma ya transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, inashika propela ya nyuma. Shafti ikishakatika, propela inaweza kusimama tuli huku magurudumu ya nyuma yakizunguka yatakavyo, na kama gia iko huru na difloki haijafungwa, hata ya mbele hayana kinachoyashika. Nilikuwa nimeendesha gari lile miaka kadhaa na sikuwahi kulifikiria jambo hilo. Tangu siku hiyo waya wa winchi haulegezwi mpaka kabari ziwe mbele na nyuma ya magurudumu, difloki imefungwa, transfa iko kwenye gia nzito na gia ya kwanza imeingia. Kwenye magari ya 4x4 yenye transfa, ukiiacha transfa katikati, hata ukiingiza gia ya kwanza ni bure, kwa sababu injini haijaungana na magurudumu.

Tukalifunga kwa minyororo minne, miwili mbele na miwili nyuma, yote kwenye chesisi, yaani fremu inayobeba bodi ya gari. Tulikaza mpaka minyororo ikawa inalia ukiigonga kwa spana. Niliizunguka tela mara mbili nikaridhika kabisa.

Kutoka Mto wa Mbu hadi Makuyuni si mbali, haifiki kilomita 40, na ni lami tupu. Kwenye matuta ya kuingia Makuyuni nikasikia chuma kikigonga chuma, mara moja, kisha kitu kikaburuzwa. Binamu akasimama pembeni. Mnyororo mmoja wa nyuma ulikuwa chini, ndoano yake imechomoka kwenye chesisi. Wa pili ulikuwa umelegea unaning'inia. Gari lilikuwa limesogea mbele kama shubiri moja na bampa imegusa nguzo ya winchi. Watoto wa shule walikuwa wanapita pale pale kandokando ya barabara. Nilipowaona, miguu iliniisha nguvu, nikaenda kukaa kwenye ukingo wa mtaro.

Karibu yetu kulikuwa na lori limeegeshwa, na dereva wake, mzee wa makamo, alikuwa anakunywa chai kwa mama lishe. Akaja.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Hili mmelifunga wapi?”

“Kwenye chesisi, mzee. Mbele na nyuma.”

Akaenda nyuma ya Land Rover, akapanda kwenye bampa, akajirusha kwa uzito wake wote. Gari likabonyea na kuinuka. Kila lilipobonyea, ule mnyororo wa nyuma uliobaki ulizidi kulegea.

“Umeona? Gari hili lina magoti, mwanangu. Ukilifunga kiunoni, likipiga magoti kamba inabaki haina kazi. Lifunge miguuni.”

Sijawahi kupata maelezo bora kuliko hayo. Chesisi imekaa juu ya springi, na springi za Defender ni ndefu, zimetengenezwa zicheze. Mnyororo uliofungwa kwenye chesisi umekaza pale tu gari linapotulia. Tela likiruka tuta, springi zinabana, chesisi inashuka, nafasi kati ya chesisi na sakafu ya tela inapungua, na mnyororo hauvutiki kama mpira kusema utaufuata. Unalegea kwa kitambo kidogo sana, lakini ndoano isiyo na ulimi wa kuizuia isichomoke haihitaji zaidi ya hicho. Ekseli na magurudumu havina springi kati yake na tela. Kuna upepo wa tairi tu.

Wapo mafundi wanaokwambia ubane springi mpaka zikome, ndipo ufunge chesisi. Kwa gari fupi la springi ngumu naweza kukubali. Kwa Defender au Land Cruiser iliyoinuliwa, nguvu ya kubana springi hizo inabebwa na mikanda safari nzima, hata gari likiwa limesimama, na ndiyo hiyo hiyo inayong'oa pete za tela. Mimi sifungi hivyo.

Pale Makuyuni, mzee mwenyewe akiwa anaelekeza, tulihamishia minyororo kwenye ekseli. Alinionyesha bomba jembamba la breki linalopita juu ya ekseli ya nyuma, akanipitishia mnyororo mbali nalo. Mbele akanikataza kugusa tairodi, ile fimbo ya usukani inayounga magurudumu ya mbele: inaonekana imara na iko mahali pazuri pa kuning'iniza ndoano, lakini ikipinda gari halina usukani tena. Alikataa pesa. Akapokea soda.

Tulifika Arusha salama, mwendo wa 50.

Shafti ilibadilishwa siku mbili baadaye, lakini bado nilikuwa na safari kubwa mbele yangu. Kaka yangu yuko Tanga, ana karakana ya kunyoosha bodi, na tulikuwa tumekubaliana kwamba Land Rover iende kwake ikavuliwe yote. Injini haikuwa ya kuaminika kwa zaidi ya kilomita 400. Ilikuwa lazima ibebwe tena, na safari hii nilitaka nifunge mwenyewe huku najua ninachofanya.

Nilianza na mikanda. Kwenye duka la vifaa vya malori niliuziwa kwa maneno kwamba huu ni “wa tani 5”. Nikageuza kile kitambaa kidogo cha buluu kilichoshonewa kwenye mkanda, maana buluu ni alama ya poliesta, nikasoma. LC 2,500 daN. Hiyo LC ndiyo ya kutazama: ni nguvu ambayo mkanda unaruhusiwa kubeba ukiwa umenyooka, na daN moja ni karibu sawa na uzito wa kilo moja. Ile tani 5 ni pale mkanda unapozunguka mzigo na kurudi, au ndiyo kikomo cha kukatika, kutegemea aliyeutengeneza. Mkanda usio na kitambaa hicho nimeapa kutoununua, hata ukiwa mnene kama paja.

Hesabu niliyoitumia ni ile ya viwango vya Ulaya: mzigo uzuiwe usiende mbele kwa nguvu ya asilimia 80 ya uzito wake, na kwa asilimia 50 kwenda nyuma na pembeni. Gari langu lilikuwa kilo 2,300 na kereya yake ya juu. Kwa hiyo kwenda mbele nahitaji kushika kilo 1,840 hivi. Mikanda miwili ya nyuma, kila mmoja 2,500, inatosha na kubaki, mradi isisimame wima. Mkanda ukisimama nyuzi 60 kutoka sakafuni, nusu tu ya nguvu yake ndiyo inayozuia gari lisiende mbele. Ukilala nyuzi 45 unapata kama asilimia 70.

Mkanda mzuri kwenye pete mbovu hauna maana. Nilipoingia chini ya tela la binamu nilikuta pete mbili zimefungwa kwa bolti kwenye bati la sakafu peke yake. Tukazitoa, zikachomelewa kwenye fremu.

Kisha uzito wa mbele. Tela lenyewe ni kilo 700, pamoja na gari ni 3,000, na nilitaka kama kilo 300 zikae kwenye kichwa cha kuvutia. Tela lenye uzito mwingi nyuma linaanza kutikisa mkia kwenye mwendo, na likishaanza, dereva anakuwa abiria. Nikaazima mizani ya kupimia magunia kwa jirani anayeuza mahindi, tukaweka kigurudumu cha mbele cha tela juu yake. Kilo 180. Tukalisogeza gari mbele kama shubiri moja, tukapima tena: 290. Hapo hapo nikapiga mistari ya chaki, kila tairi na sakafu yake, mstari mmoja unaoanzia kwenye mpira na kuishia kwenye bati.

Kufunga kwenyewe kulichukua saa nzima na sikuona haja ya kuharakisha. Mikanda minne kwenye ekseli, ya nyuma ikipishana kama herufi X ili gari lisitambae upande. Kila mahali mkanda ulipogusa chuma chenye ncha niliuvalisha kipande cha tyubu kuukuu. Kwenye magurudumu ya mbele nikaongeza mkanda mmoja mmoja unaolikumbatia tairi lenyewe na kulibana sakafuni. Racheti, kile kifaa cha kukazia mkanda, ilikula mizunguko miwili na kitu, ncha zilizobaki nikazifunga zisipeperuke. Na mkanda ambao ulipita hewani bila kugusa kitu niliupindua nusu mzunguko, maana mkanda ulionyooka bapa hupigwa na upepo ukatetema mpaka racheti ikachoka. Fundo sikufunga hata moja, kwa sababu fundo linaula mkanda nguvu. Mwisho, mnyororo mmoja kutoka chesisi hadi fremu ya tela, umelegea makusudi, kwa ajili ya siku ambayo vyote vingine vimeshindwa.

Tuliondoka alfajiri. Usa River tukasimama. Mikanda yote sita ilipokea mibofyo miwili zaidi ya racheti, hata ile niliyokuwa na uhakika nayo. Mkanda mpya hunyooka na tairi hujikalia, kwa hiyo kituo cha kwanza kisiwe mbali. Himo tukakagua tena, haukuongezeka hata mbofyo. Same kulikuwa na upepo mkali unaoshuka kutoka milima ya Upare, tela likasukumwa kidogo na kurudi lenyewe. Mombo tulikula. Kila kituo nilikuwa naweka kiganja juu ya racheti kuona kama ina joto au imehama, na binamu alikuwa anaangalia chaki.

Tulifika Tanga jioni. Kaka alitoka na tochi ingawa mwanga bado ulikuwapo, akaizunguka tela, akainama kwenye gurudumu la nyuma kushoto akaniuliza huo mstari mweupe ni wa nini. Nikamwonyesha. Ulikuwa umefifia kwa vumbi, lakini wa tairi na wa bati ulikuwa bado mstari mmoja. Nikakaza waya wa winchi kwanza, nikagusa kabari zote nne kwa mguu, ndipo nikashika racheti ya kwanza.