Jinsi nilivyochagua vitabu vya kujifunza muziki wa asili wa Ireland

Baada ya kuhamia Galway na kununua filimbi ya bati, kila kitabu nilikipima kwa swali moja kabla ya kutoa hela: kitanielewesha muziki huu, au kitanipa tuni za kupiga tu? Dukani vyote hukaa rafu moja, na vile vya noti ndivyo vinene, ndivyo vinavyovuta macho. Mimi nilianza na vya maelezo, na kila anayeniuliza namshauri hivyo hivyo.

Cha kwanza kilikuwa Folk Music and Dances of Ireland cha Breandán Breathnach, kilichotoka mwaka 1971. Ni chembamba, na mwandishi mwenyewe alikuwa mpigaji wa uilleann pipes, lile zumari la mfuko linalojazwa upepo kwa mvukuto unaobanwa na kiwiko. Nilishika mambo ya msingi: tuni za ngoma za aina ya jig huhesabiwa sita katika kila kipimo cha mapigo, na za aina ya reel nne, na tuni nyingi zina sehemu mbili za vipimo vinane vinane, kila sehemu ikirudiwa. Tangu hapo, nikikaa baa wanamuziki wakipiga, najua tuni imefika wapi na itarudi mwanzo lini. Usikilizaji wangu ulibadilika kabisa.

Ndipo nikamwendea Francis O'Neill, mzaliwa wa Cork aliyekuwa mkuu wa polisi wa Chicago, akakusanya tuni za wahamiaji wenzake huko. Kitabu chake cha 1903 kina tuni 1,850. Cha 1907 kina 1,001, zote za kuchezea ngoma, na hicho ndicho nilichonunua. Inafaa kujua kilivyoandikwa. O'Neill alikuwa nazo tuni kichwani, na aliyeziandika kwa noti ni askari mwenzake James O'Neill, ambaye hawakuwa na undugu. Karatasini ilibaki mifupa. Pale unapoona noti moja ndefu, mpiga fidla anaipiga, anagusa iliyo juu yake kwa wepesi, anarudi, anagusa ya chini, anarudi tena, yote ndani ya muda wa noti ile ile. Wenyewe wanaiita roll. Breathnach, katika mkusanyo wake wa tuni, Ceol Rince na hÉireann ya 1963, anaiwekea alama juu ya noti. Maelezo yake yako kwa Kigaeli, lakini noti anazisoma yeyote azijuaye, kwa hiyo lugha isikuzuie.

Kamusi kubwa ya muziki huu ya Fintan Vallely, toleo la 2011, sikuinunua. Uanachama wa maktaba za umma hapa ni bure, na kitabu cha kuchungulia neno moja moja kinatosha kuazima.

Last Night's Fun cha Ciaran Carson, mshairi na mpiga filimbi wa Belfast, nilikiacha mwisho kwa makusudi. Kila sura imepewa jina la tuni, na utamu wake unaongezeka mara dufu ukiwa umeshazisikia baadhi. Ndicho kitabu ninachokipenda kuliko vyote.

Kwa sasa nasoma Irish Minstrels and Musicians cha O'Neill, cha 1913, kinachoeleza maisha ya wapigaji wa zamani. Haki zake zimeshakwisha muda, hivyo kinapatikana mtandaoni bila malipo, kurasa zote pamoja na picha.